Kijana wa Miaka 14 na Nusu Hajabaleghe: Amri Hutoka Ubongoni

Swali: Assalaam alaykum daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Langoni, Lamu. Mwanangu wa kwanza ametimiza miaka 14 na miezi 6. Sauti yake bado ni ya kitoto, hana unywele hata mmoja kwapani, na mdogo wake wa kike mwenye miaka 12 ameshampita kwa urefu na mwezi uliopita amevunja ungo. Ustadhi wake wa madrasa ameniambia kwamba kwa hesabu ya miaka ya mwezi, saumu iko karibu kumlazimu kama mtu mzima. Yeye mwenyewe siku hizi hataki kwenda kuogelea na wenzake. Jirani amenishauri nimpe dawa ya mti, na muuza dawa mmoja ameniambia ipo sindano ya homoni ya kiume ya kumaliza jambo hili. Baba yake anasema nisihangaike, kwani hata yeye alirefuka akiwa kidato cha tatu. Je, ni nani anayeuambia mwili kwamba wakati umefika? Na mimi ninanyonyesha mtoto wa miezi minne, sijaona hedhi tangu nijifungue. Hilo nalo lina uhusiano?

Jibu: Waalaykum salaam, mama. Swali lako lina sehemu kadhaa, nami sitazijibu kwa urefu sawa, kwa kuwa lililo zito ni la kijana. Kwa maelezo uliyonipa, na hasa hayo ya baba yake, linaloelekea kuwa kweli ni kwamba mwanao hana ugonjwa wowote bali amerithi mwili unaochelewa kuanza. Hata hivyo nisingependa maneno hayo yakufanye ukae nyumbani ukingoja. Mvulana aliyetimiza miaka 14 bila dalili ya kwanza ya baleghe anastahili kupimwa na daktari, kwa sababu miongoni mwa wengi waliochelewa tu wamo wachache ambao bila matibabu hawataanza kabisa, na kwa kuwatazama tu huwezi kuwatenganisha.

Kwanza tumwondoe dada yake katika ulinganisho. Wasichana huanza kubaleghe kati ya miaka 8 na 13, wavulana kati ya miaka 9 na 14, na hata mpangilio wa mambo yenyewe haufanani. Msichana hurefuka kwa kasi mapema, karibu na miaka 12, kisha huvunja ungo kasi hiyo ikiwa imeanza kupungua. Mvulana hurefuka kwa kasi katikati ya baleghe yake, baada ya mabadiliko mengine kutangulia. Kwa hiyo binti wa miaka 12 kumpita kaka yake wa miaka 14 ni jambo la kawaida katika nyumba nyingi, na mara nyingi kaka huja kumpita tena. Vilevile sauti na nywele, ambazo ndizo mzazi anazoziona, si dalili za kwanza kwa mvulana. Dalili ya kwanza ni kukua kwa korodani, jambo ambalo mama hana njia ya kulijua. Nywele zenyewe kwa sehemu huletwa na tezi za adrenali zilizo juu ya figo, ambazo zina ratiba yake, na sauti huvunjika baadaye sana. Inawezekana kabisa kwamba kijana ameshaanza na hakuna anayejua, hata yeye mwenyewe.

Sasa nije kwenye swali lako la nani anayetoa amri, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua kama sindano ile ni dawa au ni hatari.

Watu wengi hudhani kwamba baleghe huanzia katika viungo vya uzazi vyenyewe, na ndiyo maana dawa za mti na za dukani hulenga huko. Ukweli ni kwamba viungo hivyo huwa tayari miaka mingi kabla, vikingoja amri, na amri hiyo hutoka ubongoni. Chini kabisa ya ubongo, karibu na mahali ambapo neva za macho mawili hukutana, kuna sehemu yenye uzito wa gramu 4 hivi inayoitwa hipothalamasi. Chini yake imening'inia tezi ya pituitari, ambayo uzito wake kwa kawaida haufiki gramu 1. Katika ubongo wenye seli za neva zipatazo bilioni 86, ni elfu chache tu zilizopewa kazi ya kutengeneza homoni ambayo madaktari huiandika GnRH. Seli hizo hazikukusanyika mahali pamoja, bali zimetawanyika, na bado uzazi wote wa binadamu unazitegemea. Homoni yenyewe ni ndogo mno, mnyororo wa asidi amino 10 tu. Muundo wake ulijulikana mwaka 1971 kutokana na kazi ya Andrew Schally na Roger Guillemin, waliokuwa wakishindana huko Marekani, kila mmoja akichambua ubongo wa maelfu kwa maelfu ya wanyama wa machinjioni ili kupata kiasi kidogo cha kupima. Mwaka 1977 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel, pamoja na Rosalyn Yalow aliyebuni njia ya kupima homoni katika damu.

GnRH hushuka kwenye pituitari kupitia mishipa midogo ya damu, na pituitari nayo huachilia homoni mbili zinazosafiri hadi kwenye viungo vya uzazi, nazo ni LH na FSH. Kwa mvulana, LH huziamuru korodani zitengeneze testosteroni, yaani homoni ya kiume, na FSH husaidia mbegu kukomaa. Kwa msichana, FSH hukuza vifuko vya mayai ndani ya ovari, vifuko hivyo hutoa estrojeni, yaani homoni ya kike, na LH ndiyo huja kulitoa yai. Herufi hizo, LH na FSH, utaziona kwenye karatasi ya maabara, kwa hiyo zikumbuke.

Jambo linalonishangaza mpaka leo ni kwamba GnRH haifanyi kazi kwa wingi wake bali kwa mapigo yake. Ubongo huitoa kwa kishindo kifupi, kisha hunyamaza, kisha huitoa tena: kwa mwanamume takriban kila baada ya saa mbili, kwa mwanamke kila dakika 60 hadi 90 katika nusu ya kwanza ya mzunguko wake, na polepole zaidi katika nusu ya pili. Mfano wake ni mgeni mwenye adabu anayepiga hodi mlangoni, akanyamaza asikilize, kisha akapiga tena. Mwenye nyumba humfungulia. Lakini angeugonga mlango mfululizo bila kupumua, waliomo ndani wangeziba masikio na kumpuuza. Pituitari hufanya vivyo hivyo. Ernst Knobil na wenzake, wakifanya kazi na nyani wa aina ya rhesus huko Pittsburgh, walionyesha mwaka 1978 kwamba nyani ambaye ubongo wake hautoi tena GnRH, akipewa homoni hiyo mara moja kila saa, LH na FSH hurudi. Akipewa bila kukoma, LH na FSH huanguka. Mwaka 1980 walikwenda mbali zaidi: waliwapa nyani wa kike ambao bado ni watoto mapigo hayo ya kila saa, nao wakaingia katika mzunguko wa hedhi na kutoa mayai. Mapigo yaliposimamishwa, nyani hao wakarudi katika hali ya utoto.

Litazame jambo hilo kwa makini, mama, kwa sababu linamhusu mwanao. Ovari za nyani hao zilikuwa tayari, na pituitari ilikuwa tayari. Kilichokosekana ni mapigo ya kutoka ubongoni. Hata tiba ya watoto wanaobaleghe mapema mno, yaani msichana kabla ya miaka 8 au mvulana kabla ya miaka 9, imejengwa juu ya ugunduzi huohuo: wanapochunguzwa na kuonekana wanaihitaji, huchomwa dawa inayofanana na GnRH lakini inayodumu mwilini kwa wiki kadhaa, pituitari ikachoka kuisikia, na baleghe ikatulia mpaka wakati wake. Homoni ileile huanzisha au husimamisha, kutegemea inavyotolewa.

Mapigo hayo hayaji kwa mara ya kwanza wakati wa baleghe. Huyo mchanga unayemnyonyesha, mwenye miezi minne, ubongo wake sasa hivi unafanya kazi hiyo. Katika miezi ya mwanzo baada ya kuzaliwa, LH na FSH hupanda kwa muda, na kwa mtoto wa kiume testosteroni hupanda pia hadi karibu na kiwango cha kijana anayebaleghe, kisha inapokaribia miezi sita kila kitu hutulia. Unakuja ukimya wa miaka mingi. Ukimya huo nao ni kazi ya ubongo wenyewe, kwani hata watoto waliozaliwa bila ovari zinazofanya kazi, ambao hawana homoni ya kuuzuia ubongo, homoni zao za pituitari hushuka katika miaka ya kati ya utoto na hupanda tena baadaye. Ubongo hujifunga breki wenyewe, na baleghe ni kuachiliwa kwa breki hiyo. Mapigo ya kwanza hurudi usiku, mtoto akiwa usingizini, mchana kukiwa kimya. Hatua kwa hatua huenea hadi mchana. Ndiyo maana huwaambia wazazi kwamba kijana wa umri huu kulala saa za kutosha ni sehemu ya kukua kwake.

Ni nini kinachoachilia breki hiyo? Kwa muda mrefu hapakuwa na jibu. Lilianza kupatikana mwaka 2003, pale makundi mawili ya watafiti, moja Ufaransa na jingine Boston, yalipochunguza familia ambazo baadhi ya watoto wao hawakubaleghe kabisa. Familia moja ilikuwa ya Saudi Arabia, wazazi wakiwa ndugu. Wote hao walikuwa na hitilafu katika jeni moja, ile ya kipokezi cha homoni iitwayo kispeptini. Tangu hapo tumejua kwamba seli za GnRH hazijiamshi zenyewe: zipo seli jirani zinazotoa kispeptini, na hizo ndizo zinazozichochea kwa mapigo. Mwaka 2009 familia za Uturuki zilitufundisha kwamba seli hizo hutumia pia kemikali iitwayo nyurokinini B ili kuanzisha kila pigo, na kemikali nyingine, dainofini, hulizima. Mwaka 2013 ikapatikana jeni inayoitwa MKRN3, moja ya breki zenyewe. Ikiharibika, na ikiwa imerithiwa kwa baba, mtoto hubaleghe mapema mno. Nimekutajia ndoa za ndugu bila kumlaumu mtu, maana pwani yetu watu wa nasaba moja huoana na kuzaa watoto wenye afya. Ila daktari akikuuliza kama wewe na baba yake mna nasaba ya karibu, mjibu wazi, kwa sababu jibu hilo humwelekeza wapi pa kutazama.

Seli za kispeptini hazifanyi uamuzi gizani. Hupokea habari kutoka mwili mzima, na habari kubwa kuliko zote ni ya chakula. Mafuta ya mwilini hutoa homoni ya leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994 katika maabara ya Jeffrey Friedman huko New York, na leptini huujulisha ubongo kwamba akiba ipo. Watoto wachache waliozaliwa bila uwezo wa kuitengeneza hubaki bila kubaleghe, na wakipewa leptini katika umri unaofaa, mapigo huanza. Leptini pekee haianzishi baleghe kwa mtoto wa miaka mitano. Inatoa ruhusa tu. Mtoto mwenye utapiamlo wa muda mrefu, au ugonjwa unaomla nguvu mwaka hadi mwaka, ubongo wake huahirisha jambo ambalo mwili hauna uwezo wa kulilipia.

Hapa ndipo ninapotaka usisahau ugonjwa mmoja ambao kwetu pwani si mgeni: selimundu. Vijana wenye selimundu mara nyingi huchelewa kurefuka na kubaleghe. Ikiwa mwanao amekuwa akiumwa mifupa na viungo mara kwa mara, au macho yake huwa ya manjano, au aliwahi kuongezwa damu, liseme hilo mwanzo kabisa. Virusi vya Ukimwi, maradhi ya figo, minyoo ya muda mrefu inayoleta upungufu wa damu, na tezi ya thairoidi isiyofanya kazi vizuri, vyote vinaweza kuchelewesha. Kila kimoja kina tiba yake, na kikitibiwa baleghe mara nyingi huanza yenyewe.

Jambo la pili ninalokuomba ulifanye nyumbani, kabla hata hujakwenda hospitali, ni kujua kama kijana ananusa vizuri. Najua linasikika kama halihusiani. Lakini zile seli za GnRH nilizozitaja hazizaliwi ubongoni. Mtoto akiwa tumboni, katika wiki za mwanzo, huzaliwa kwenye pua, kisha hupanda zikifuata njia ya neva za kunusa hadi kufika hipothalamasi. Njia hiyo ikikosa kujengeka, seli hubaki njiani. Mtu huyo huzaliwa akiwa hanusi, na hafikii baleghe bila msaada. Mwaka 1856 Aureliano Maestre de San Juan, mtaalamu wa anatomia wa Hispania, aliandika kuhusu mwili wa mwanamume ambaye korodani zake zilikuwa ndogo na sehemu ya kunusa haikuwemo ubongoni. Mwaka 1944 Franz Kallmann alionyesha kwamba hali hiyo hurithiwa, na leo inaitwa kwa jina lake.

Mtoto wa hali hiyo mara nyingi hajui kwamba hanusi, kwa kuwa hajawahi kunusa, na nyumbani huwa amejifunza kusema "naam, nzuri" kila anapoambiwa anuse asumini. Basi usimuulize. Mfunge macho kwa kitambaa, msogezee karafuu puani, kisha buni, kisha udi ambao haujawashwa, kisha kikuba, mmoja baada ya mwingine, naye ataje ni nini. Usitumie siki kali wala dawa ya mafua yenye mentholi, kwa sababu hivyo huuma puani kupitia neva nyingine, na mtu asiyenusa kabisa bado atavihisi na kukudanganya. Akivitaja vyote, vizuri. Asipotaja hata kimoja, mwambie daktari neno hilo kabla ya mengine yote. Kumbuka pia kama alipozaliwa korodani zote mbili zilikuwa zimeshuka, na kama uume wake ulikuwa mdogo kuliko kawaida, kwani dalili hizo huweza kuonyesha kwamba mapigo yalikosekana tangu akiwa tumboni.

Mkiwa hapo Lamu, anzieni Hospitali ya King Fahd. Aende na baba yake au mjomba, na ombeni daktari mwanamume kama mtoto anaona haya. Ni haki yake. Daktari atampima urefu na uzito, na ataomba rekodi za zamani, kwa hiyo beba kile kijitabu cha kliniki cha utotoni na karatasi yoyote ya shule yenye urefu wake. Mtoto ambaye bado hajaanza hurefuka sentimita 4 hadi 6 kwa mwaka. Akiwa amekuwa akirefuka hivyo kila mwaka, ni habari njema hata kama ni mfupi kuliko wenzake, ilhali mtoto aliyesimama kabisa hunitia wasiwasi. Kisha atapimwa korodani. Kipimo chake ni uzi wenye shanga 12 za ukubwa tofauti, kuanzia mililita 1 hadi 25, uliobuniwa na Andrea Prader wa Zurich. Daktari hushika korodani kwa mkono mmoja na kutafuta kwa mkono wa pili ushanga unaolingana nayo. Haiumi wala haichukui dakika mbili. Ikilingana na ushanga wa mililita 4 au zaidi, baleghe imeanza, na mabadiliko mengine yote yatafuata kwa mpangilio wake. Mahali pasipo na uzi huo, rula inatosha: urefu wa sentimita 2.5 ndio mpaka.

Baada ya hapo hupigwa eksirei ya mkono wa kushoto na kifundo chake, ili kuona umri wa mifupa. Kijana wa miaka 14 na nusu aliyechelewa tu kwa kawaida mifupa yake huonekana kama ya miaka 12 hivi, maana yake bado ana nafasi kubwa ya kurefuka. Damu hutolewa asubuhi mapema, kwa sababu mwanzoni mwa baleghe homoni huwa juu alfajiri na kushuka mchana. Zikionekana LH na FSH ziko juu sana, ubongo unapiga hodi na korodani hazijibu, na hapo hutafutwa hitilafu ya kromosomu au jeraha la korodani. Zikiwa chini, hodi yenyewe haijaanza, na hapo ndipo penye ugumu, kwa kuwa aliyechelewa tu na asiye na uwezo wa kuanza huwa na majibu yanayofanana. Ndiyo maana daktari mwaminifu anaweza kukuambia mrudi baada ya miezi sita. Asikupe hofu kwa hilo. Muda nao ni kipimo. Ila kijana akiwa na maumivu ya kichwa yasiyoisha, au haoni vizuri pembeni, au anakunywa maji na kukojoa kupita kiasi, usingoje miezi sita wala wiki sita, kwani uvimbe karibu na pituitari huweza kuleta hayo, na itabidi avuke kwenda Mokowe na kuendelea hadi Mombasa au Nairobi kupigwa picha ya kichwa.

Sasa ile sindano. Sitakuficha kwamba testosteroni ni dawa halali, na madaktari wa homoni huwapa vijana waliochelewa wenye miaka 14 na zaidi dozi ndogo mara moja kwa mwezi, kwa miezi 3 hadi 6, hasa anayeteseka moyoni kama mwanao anayeacha kuogelea. Mara nyingi baada ya dozi hizo ubongo huendelea wenyewe. Lakini hiyo ni baada ya kupimwa, na kwa kiasi kidogo. Dozi ya mtu mzima inayochomwa nyuma ya duka hufanya mambo mawili ambayo muuza dawa hakukueleza. Ubongo huisikia testosteroni hiyo katika damu na kudhani kazi imekamilika, hivyo huacha kutoa GnRH. Kijana ataota ndevu huku korodani zake zikibaki ndogo bila kutengeneza mbegu. La pili ni mifupa. Sehemu ya testosteroni hugeuzwa mwilini kuwa estrojeni, na estrojeni ndiyo inayofunga ncha za mifupa, hata kwa wanaume. Tulilijua hilo vizuri mwaka 1994, alipoelezwa mwanamume wa miaka 28 ambaye mwili wake haukuweza kuipokea estrojeni: alikuwa na urefu wa sentimita 204 na bado anaendelea kurefuka. Kwa kijana wako hali itakuwa kinyume: atarefuka haraka kwa miezi michache, wenzake wamsifu, kisha mifupa ifunge mapema na abaki mfupi maisha yake yote. Nakusihi usiikubali. Na dawa ya mti ambayo hatujui ndani yake mna nini, sioni njia ambayo ingeufikia ubongo na kuanzisha mapigo, ilhali ini na figo hakika itazifikia.

Kuhusu aliyosema ustadhi, hilo ni suala la fikihi nami namwachia yeye. Katika madhehebu ya Shafi yanayofuatwa pwani yetu, asiyeona dalili huhesabiwa amebaleghe akitimiza miaka 15 ya mwezi, ambayo ni kama miaka 14 na miezi sita na nusu kwa kalenda ya kawaida. Kwa upande wa tiba, kijana aliyechelewa tu si mgonjwa na anaweza kufunga. Akigundulika na selimundu au maradhi mengine, azungumze na daktari kabla ya Ramadhani kuingia.

Binti yako yuko sawa. Mwaka huu na ujao hedhi yake inaweza kuja kisha ikapotea miezi miwili, na hilo lina sababu ubongoni. Siku nyingi za mwezi, estrojeni huuambia ubongo upunguze mwendo. Ila katikati ya mzunguko, ikikaa juu kwa takriban siku mbili, amri hugeuka, LH hupanda ghafla, na yai hutoka saa 36 hivi tangu kupanda huko kuanze. Uwezo huo wa kugeuka huchelewa kukomaa kuliko mengine yote, kwa hiyo mizunguko ya mwanzo mara nyingi huwa haina yai. Somo wake amwambie hivyo, asije akadhani ana kasoro.

Na wewe mwenyewe, ndiyo, ni ubongo uleule. Kila mtoto anapovuta ziwa, neva za chuchu hupeleka habari hipothalamasi, prolaktini, yaani homoni ya maziwa, hupanda, seli za kispeptini hutulia, na mapigo ya GnRH hupungua, kwa hiyo ovari nazo hupumzika. Kinga hiyo dhidi ya mimba hufikia asilimia 98, kwa masharti matatu yanayokwenda pamoja: mtoto awe chini ya miezi sita, anyonye maziwa ya mama peke yake usiku na mchana, na wewe uwe hujaona hedhi. Likivunjika moja, kinga imeondoka. Wala usingoje hedhi irudi ndipo uchukue hatua, kwa sababu yai la kwanza huweza kuitangulia damu ya kwanza, na mwanamke akashika mimba bila kuiona hedhi hata mara moja. Mtoto wako ana miezi minne. Zungumza na muuguzi wa kliniki kabla hajaonjeshwa uji.